Jira na kazi zinazoingia katikati ya sprinti: tathmini kutoka Kijitonyama

Jira ni programu nzuri ya kuandika kwamba kazi imeongezeka, na ni programu dhaifu ya kuzuia kazi isiongezeke. Ninatanguliza hukumu hiyo kwa makusudi, kwa kuwa wakuu wengi wa kampuni ndogo za programu hapa Dar es Salaam huinunua wakitarajia la pili, kisha huilaumu kwa kutolifanya. Tathmini hii haigusi kila kitu ambacho Jira inaweza kukifanya. Haigusi mipango ya mwaka, wala namna inavyounganishwa na hifadhi za msimbo, wala mwonekano wa ubao wake. Inahusu swali moja: timu ikiwa imeshaanza sprinti, yaani kipindi kifupi cha kazi zilizopangwa tangu mwanzo, cha wiki mbili, na mteja akapiga simu siku ya tano akitaka jambo ambalo halikuwemo kwenye makubaliano, programu hii inamsaidia nani, na kwa kiasi gani?

Kwa wasioifahamu, Jira ni programu ya kupanga na kufuatilia kazi za timu, inayotengenezwa na Atlassian, kampuni iliyoanzishwa Sydney, Australia, mwaka 2002. Ilianza kama programu ya kufuatilia hitilafu, na asili hiyo haijafutika: kila kitu ndani yake ni tiketi, yaani kumbukumbu ya kazi moja, na tiketi hupewa namba, mhusika, hali na historia. Mambo ya ajaili (utaratibu wa kutengeneza programu kwa hatua fupi), yaani sprinti, pointi (makadirio ya ukubwa wa kazi), ubao na chati, yalijengwa juu ya msingi huo. Hili ni la kukumbukwa, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini programu hii ni hodari sana inapoulizwa tiketi fulani ilihamishwa lini na nani, na ni bubu inapoulizwa kama kuhamishwa huko kulikuwa kwa busara.

Kanuni yenyewe ya skramu, mfumo wa ajaili unaotumia sprinti, ni laini kuliko inavyosimuliwa katika ofisi nyingi. Mwongozo wa Skramu wa waanzilishi wake, Ken Schwaber na Jeff Sutherland, katika toleo lake la mwaka 2020, haupigi marufuku mabadiliko. Unakataza yale yanayohatarisha lengo la sprinti, na unaruhusu wigo wa kazi ufafanuliwe na kujadiliwa upya na msimamizi wa bidhaa, yaani anayeamua kipaumbele cha kazi, kadiri watu wanavyojifunza zaidi. Msimamizi huyo peke yake ndiye mwenye mamlaka ya kuivunja sprinti nzima, pale lengo lake linapopitwa na wakati. Kwa hiyo programu inayodai kuisaidia timu ya skramu ingetarajiwa kuuliza, kila kazi mpya inapoingizwa: je, lengo la sprinti bado liko salama, na ni kazi gani inayotoka ili hii iingie?

Jira haiulizi lolote kati ya hayo. Ukiivuta tiketi kutoka kwenye orodha ya kazi zinazosubiri na kuiweka ndani ya sprinti inayoendelea, hutokea kidirisha kinachokutahadharisha kwamba wigo wa sprinti utaathirika. Unabofya kukubali, na shughuli imekwisha. Hakuna sehemu ya kuandika sababu, hakuna sharti la kutoa tiketi nyingine, na hakuna mtu wa pili anayeombwa idhini. Ni kama mlinzi wa geti katika majengo yetu mengi ya ofisi, ambaye humpa kila mgeni daftari aandike jina, saa na anakokwenda, lakini hana agizo la kumrudisha mtu yeyote. Baada ya muda kidogo, watumiaji hubofya kidirisha hicho bila hata kukisoma.

Hata hivyo, kinachoandikwa huandikwa kwa uaminifu. Sprinti inapofungwa, ripoti yake huzigawa tiketi katika makundi: zilizokamilika, zisizokamilika, zilizokamilika nje ya sprinti, na zilizoondolewa kabla ya mwisho. Kila tiketi iliyoingizwa baada ya sprinti kuanza huwekewa alama ya nyota kando ya namba yake. Alama hiyo ndogo ndiyo sifa ninayoithamini kuliko zote katika programu hii, kwa sababu haiombwi na mtu na haitegemei nidhamu ya mtu. Huhitaji kumkumbusha yeyote aiweke. Ipo tu, na mwisho wa wiki mbili inaonekana wazi kama kazi tatu ziliingia au tisa.

Kuna mwanya mmoja ambao timu ngeni hazigundui mapema. Nyota huhesabiwa tangu saa ile ambayo mtu amebofya kitufe cha kuanzisha sprinti, si tangu siku ya kikao cha kupanga. Timu iliyopanga Jumatatu lakini ikaianzisha sprinti kwenye programu Jumatano huwa imejinyima ushahidi wa siku mbili, kwa kuwa kila kilichopenyezwa katikati kitaonekana kana kwamba kiliahidiwa tangu mwanzo. Ushauri wangu ni kwamba kitufe kibofywe mbele ya wote, kikao cha kupanga kinapofungwa, hata kama tiketi mbili hazijapangiwa pointi.

Ripoti inayopotosha zaidi, na kwa bahati mbaya ndiyo inayopendwa zaidi na wakubwa, ni chati ya kasi ya timu. Chati hiyo huonyesha nguzo mbili kwa kila sprinti: ya kijivu ni jumla ya pointi zilizokuwemo sprinti ilipoanza, na ya kijani ni jumla ya pointi zilizokamilika ilipofungwa. Tatizo ni kwamba nguzo ya kijivu haiongezeki kazi mpya inapoingia, ilhali nguzo ya kijani huzihesabu kazi hizo zikikamilika. Tuchukue mfano. Timu imeahidi pointi 30. Katikati zinaingizwa pointi 8 bila kutolewa chochote. Mwisho wa sprinti timu imekamilisha pointi 28, na ndani yake zimo zile 8 za nyongeza. Mkurugenzi akiitazama chati anaona 30 na 28, anaridhika, na kwa hesabu hiyo timu imekosa pointi mbili tu. Ukweli ni kwamba katika pointi 30 alizoahidiwa mteja mwanzoni, ni 20 tu zilizofika. Theluthi nzima ya ahadi imesogezwa mbele, na chati inatabasamu.

Siwezi kusema kwamba chati hiyo imekosea. Kwa swali la timu inaweza kubeba kazi kiasi gani katika wiki mbili, 28 ni jibu sahihi, na ndilo litumike kupangia sprinti ijayo. Lakini kwa swali la kama ahadi zetu zinaaminika, jibu limo katika ripoti ya sprinti, kwenye nyota, na wala halimo katika nguzo hizo. Kwa maoni yangu Atlassian wangeweza kuigawa nguzo ya kijani katika rangi mbili na ubishi mwingi wa vikao vya mwisho wa mwezi ungekwisha.

Chati ya kazi iliyobaki nayo ina udhaifu wake. Mstari mwekundu hushuka kazi zinapokamilika na hupanda kazi zinapoongezwa. Siku ambayo timu imekamilisha pointi 5 na kuongezewa pointi 5, mstari hurudi ulipokuwa, na anayeutazama kwa mbali kesho yake anaweza kudhani watu walikuwa kwenye chai siku nzima. Jedwali lililo chini ya chati hutaja kila tukio na saa yake, lakini ni wachache wanaoshuka hadi huko. Ipo ripoti nyingine ndani ya Jira hiyohiyo inayotenganisha mistari miwili, mmoja wa jumla ya wigo na mwingine wa kazi iliyokamilika, na hiyo ndiyo ninayoshauri iwekwe kwenye skrini ya ukutani. Wigo ukiongezeka, mstari wa juu unapanda peke yake na kila mtu anauona, akiwemo aliyeuongeza.

Mpaka hapa nimezungumzia mabadiliko yanayokuja kwa mlango wa mbele, yaani tiketi mpya. Ninavyoona katika kazi za hapa mjini, hayo ndiyo machache. Mabadiliko mengi huingia ndani ya tiketi iliyokwishakubaliwa. Mteja hasemi kwamba anataka kazi mpya. Anasema, "Kaka, ni kitufe kimoja tu," na kitufe hicho kinahitaji jedwali jipya, ruhusa mpya na risiti ya aina mpya. Ombi lenyewe huja kama ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la mradi, saa tatu usiku, na asubuhi yake mtengenezaji programu mwenye adabu analiongeza kwenye maelezo ya tiketi anayoifanyia kazi, kwa sababu hataki kuonekana mkaidi kwa mtu mzima aliyemwomba kwa upole. Jira huhifadhi mabadiliko hayo ya maelezo katika historia ya tiketi, lakini ripoti haiyataji popote. Pointi zimebaki zilezile, nyota haipo, na kazi imekuwa maradufu.

Tiketi ndogo zilizo chini ya tiketi kuu ni mwanya mwingine wa aina hiyo. Ikiwa timu inapima kwa pointi, unaweza kuongeza tiketi ndogo sita chini ya tiketi moja katikati ya sprinti na chati ya pointi isitikisike hata kidogo. Dawa pekee niliyoona ikifanya kazi ni ya kibinadamu: makubaliano kwamba kila nyongeza, hata ya kitufe kimoja, inafunguliwa tiketi yake yenye pointi zake, kisha inaunganishwa na ile ya awali. Ni usumbufu, na watengenezaji hulalamika, lakini ni hapo tu ndipo daftari linapoanza kusema kweli.

Yapo pia mabadiliko ambayo hakuna timu yenye haki ya kuyakataa, na hapa Tanzania yana msimu wake. Mwezi Juni bajeti husomwa bungeni Dodoma, na Sheria ya Fedha huanza kutumika Julai 1. Mwaka 2021 kiwango cha chini cha kodi ya mshahara kilishuka kutoka asilimia 9 hadi 8. Mwaka 2023 tozo ya kuendeleza ufundi stadi, maarufu kama SDL, ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Tozo za miamala ya simu zilianza Julai 15, 2021, na Septemba mwaka huohuo zikapunguzwa kwa asilimia 30. Kwa anayetengeneza mfumo wa mishahara, wa mauzo au wa malipo ya simu, sprinti inayoangukia kati ya siku ya bajeti na Julai 1 haiwezi kufungwa kama sanduku. Busara ni kuiacha na nafasi tupu tangu mwanzo, na Jira haina sehemu maalumu ya kuihifadhi nafasi hiyo. Timu nyingi hufungua tiketi ya akiba yenye pointi kadhaa na kuipunguza kazi halisi inapofika.

Hapo ndipo udhaifu wa nyota unapojitokeza tena. Nyota ya kazi iliyoletwa na sheria na nyota ya kazi iliyoletwa na mkurugenzi aliyeona programu ya mshindani wake mwishoni mwa juma zinafanana kabisa. Programu haitofautishi, kwa hiyo timu lazima iweke lebo zake: sheria, hitilafu ya dharura, ombi la mteja, tulisahau sisi wenyewe. Lebo ya mwisho ina aibu kidogo lakini ni muhimu, maana sehemu kubwa ya kinachoitwa mabadiliko ya mteja ni kazi ambayo timu haikuiona wakati wa kupanga.

Ukishaziweka lebo hizo, utataka kujua kwa miezi sita ni kazi ngapi ziliingia katikati na kwa sababu gani. Jira ina lugha yake ya utafutaji, JQL, yenye nguvu kweli, inayoweza kukupa tiketi zote zenye lebo fulani katika sprinti fulani. Ajabu ni kwamba lugha hiyo, ilivyo bila nyongeza za kununua, haina namna ya kuuliza tiketi zipi ziliongezwa baada ya sprinti kuanza. Nyota unayoiona kwenye ripoti haitafutiki. Mtu hulazimika kufungua ripoti moja baada ya nyingine na kunakili kwenye Excel, au kununua nyongeza kutoka sokoni mwa Atlassian. Kwa programu ya umri huu, hilo ni pengo lisilo na utetezi.

Pamoja na hayo yote, ripoti ya sprinti hubadilisha mazungumzo na mteja kwa namna ambayo maneno matupu hayawezi. Kwenye kikao cha mapitio, badala ya msimamizi wa mradi kueleza kwa unyonge kwa nini moduli ya stoo haijakamilika, anaiweka mezani karatasi iliyochapishwa, yenye kazi nne za nyota zilizokamilika na kazi tatu za ahadi zilizosogezwa mbele. Wateja wetu huheshimu karatasi. Mazungumzo huhama kutoka kwenye kutafuta nani mzembe hadi kwenye kuamua kipi kitangulie, na mara nyingi mteja mwenyewe ndiye husema, "Basi hii ingesubiri." Kama ningetakiwa kutaja sababu moja ya kulipia programu hii, ningeitaja hiyo.

Kuhusu kuzuia, kuna njia ya kukaribia. Kuiweka tiketi ndani ya sprinti huhitaji ruhusa ya kupanga tiketi, na ruhusa hiyo inaweza kuachwa kwa msimamizi wa bidhaa na kiongozi wa timu tu. Inafanya kazi, ila ina gharama yake: ruhusa hiyohiyo ndiyo inayotumika kupanga upya mfuatano wa tiketi, kwa hiyo mtengenezaji aliyenyimwa hawezi hata kuipandisha tiketi yake juu ya nyingine kwenye orodha. Timu yenye watu wazoefu huliona hilo kama dharau. Tena mpango wa bure, unaotumiwa na kampuni nyingi changa za hapa, hauruhusu kurekebisha ruhusa hizo kabisa. Njia ya pili ni kanuni za kujiendesha: unaweza kuiagiza Jira kwamba sehemu ya sprinti kwenye tiketi ikibadilika, iandike maoni ya kudai sababu na kumtumia msimamizi barua pepe. Hilo halizuii kitu, lakini aibu ya kuulizwa hadharani hupunguza mengi. Idadi ya mara ambazo kanuni zinaweza kujiendesha kwa mwezi ina kikomo, na kwenye mpango wa bure kikomo hicho huwahi kufika.

Jambo moja la mazingira yetu halina budi kutajwa. Atlassian walisitisha huduma kwa toleo la Jira la kuwekwa kwenye seva yako mwenyewe Februari 15, 2024. Toleo la Data Center lililobaki limelenga mashirika makubwa. Timu ndogo haina chaguo ila Jira ya mtandaoni. Miezi mitatu baadaye, Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikazorota nchini. Siku kama hizo ubao haufunguki, na maamuzi ya kuongeza au kutoa kazi hufanywa kwa mdomo, kisha huingizwa baadaye yakiwa na saa zisizo zake. Ninapendekeza orodha ya sprinti ichapishwe na kubandikwa ukutani siku ya kuanza. Ni karatasi moja tu.

Nimewahi kuulizwa kama kuna mbadala ulio bora kwa jambo hili mahususi. Trello, ambayo nayo ni ya Atlassian tangu mwaka 2017, haina sprinti ndani yake, kwa hiyo swali halipo. Linear huchora mstari wa wigo kwenye grafu ya kila mzunguko na ni nyepesi kwa macho. Azure DevOps inaweza kuonyesha mstari wa jumla ya wigo kwenye chati yake, nayo ni ya bure kwa watumiaji watano wa mwanzo. Hakuna hata moja kati ya hizo inayodai sababu au kubadilishana kazi kwa kazi kabla ya kuruhusu nyongeza. Wala hakuna kati yao niliyoikuta na sura ya Kiswahili, na Jira hali kadhalika, ingawa maelezo ya tiketi unaweza kuyaandika kwa Kiswahili bila shida yoyote, na wateja huyasoma kwa haraka zaidi.

Malipo hufanywa kwa dola, kwa kila mtumiaji kila mwezi, na kadi ya benki inayoruhusu malipo ya mtandaoni inahitajika. Mpango wa bure huishia watumiaji 10, na anapoingia wa 11 kampuni hulipia wote 11, si yule mmoja tu. Kwa timu ya watu sita yenye mteja mmoja mwelewa, mpango wa bure unatosha, mradi mtu mmoja apewe jukumu la kuweka lebo na kuchapisha ripoti. Kwa timu yenye wateja watatu wanaogombea watengenezaji walewale, ningelipia mpango wa kawaida hata kama watu hawajafika 10, kwa ajili ya zile ruhusa pekee, na ningemwingiza kila mteja kama mtumiaji wa kutazama tu ili aone mwenyewe nyota za wenzake zinavyoisogeza kazi yake.